Mdogo wangu usiku halali, mchana haamki: ni ugonjwa, ni dawa au ni uvivu?

Swali: Daktari, shikamoo. Naishi Muheza na wazazi wangu pamoja na mdogo wangu wa kiume mwenye miaka 24. Mwaka juzi aligundulika kuwa na ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia. Anatumia haloperidoli asubuhi na usiku pamoja na Artane, na tunamshukuru Mungu zile sauti alizokuwa akizisikia zimepungua sana. Kilichobaki ni usingizi. Saa nane za usiku utamsikia uani anatembea, anawasha taa, anachemsha chai ya rangi, anafungulia redio. Analala alfajiri wenzake wakiamka, na haamki mpaka saa nane mchana. Baba anasema ni uvivu, kijana anakwepa shamba. Shangazi anasema dawa ndizo zimemharibu, tuziache. Mimi nilinunua diazepamu duka la dawa, nampa kidonge kimoja usiku, hii ni wiki ya pili. Analala kidogo, lakini saa zake hazijabadilika. Je, ni ugonjwa, ni dawa, au baba anasema kweli? Na hizo dawa za usingizi niendelee nazo?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kabla sijagusa mambo ya ubongo nataka nimjibu baba, kwa sababu neno "mvivu" likishakaa ndani ya nyumba, mgonjwa hulisikia hata siku ambayo hakuna aliyelitamka. Mdogo wako si mvivu. Nasema hivyo bila kumwona, na nitakueleza kwa nini nina uhakika.

Mwaka 2012 watafiti wa Uingereza wakiongozwa na Katharina Wulff walichapisha kazi ambayo mimi huwasimulia ndugu wa wagonjwa karibu kila wiki. Walichukua wagonjwa 20 wa skizofrenia waliokuwa wametulia, wanaoishi makwao na kutumia dawa zao. Wakawavalisha mkononi kifaa kama saa kinachorekodi mwendo na utulivu wa mwili, usiku na mchana, kwa wiki sita. Wakapima pia kwenye mkojo melatonini, ile homoni ambayo mwili huitoa giza linapoingia. Na sasa baba asikilize: wagonjwa hao walilinganishwa na watu 21 wazima ambao nao hawakuwa na ajira. Watafiti walifanya hivyo kwa makusudi, ili asitokee mtu wa kusema "hawa wanalala ovyo kwa sababu hawana kazi ya kuwaamsha." Matokeo yake, wagonjwa wote 20 walikuwa na usingizi uliovurugika. Nusu yao saa ya mwili yenyewe ilikuwa imehama: wengine imewahi mno, wengine imechelewa mno, na wengine haifuati kabisa siku ya saa 24, inateleza tu kila siku. Nusu nyingine melatonini ilitoka kwa wakati wake, lakini usingizi ulikuwa wa vipandevipande au mrefu kupita kiasi. Kukosa kazi hakukuweza kueleza hayo, na yalikuwepo ingawa wagonjwa walikuwa wametulia kwa dawa.

Mtu mvivu melatonini yake haihami. Unaweza kumchapa maji ya baridi, ukamwondolea shuka, ukamnyima chakula cha mchana, lakini homoni haisikii matusi.

Sasa, saa ya mwili ni kitu gani? Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna bahati ya kulielewa jambo hili haraka, maana saa yetu huanza na jua. Jua likishachomoza tunaanza kuhesabu: saa moja, saa mbili, saa tatu. Mwili nao hufanya hivyohivyo. Chini kabisa ya ubongo, juu ya mahali neva za macho mawili zinapopishana, kuna kifundo kidogo cha seli za neva, makumi ya maelfu tu, kidogo kuliko punje ya mchele. Hicho ndicho saa kuu. Ndani ya kila seli kuna jeni zinazowaka na kuzimika kwa mzunguko wa takriban saa 24. Waliofumbua namna jeni hizo zinavyofanya kazi, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, wakiwachunguza nzi wadogo wa matunda, walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2017.

Nimesema "takriban" kwa sababu saa ya binadamu ikiachwa peke yake huchelewa kidogo. Kwa wastani hukamilisha mzunguko kwa saa 24 na dakika 12 hivi. Dakika 12 zinaonekana si kitu, lakini zijumlishe. Siku tano, saa nzima imepotea. Mwezi mmoja, saa sita. Kinachozuia hilo kwako na kwangu ni mwanga wa asubuhi. Kuna seli maalumu ndani ya jicho, kwenye ukuta wake wa nyuma, ambazo kazi yake si kuona maumbo, ni kupima mwanga tu na kupeleka habari kwenye ile saa kuu: "kumekucha, jirekebishe." Seli hizo zinataka mwanga mwingi. Ndani ya nyumba yenye dirisha dogo au taa ya umeme unapata mwanga wa laksi (kipimo cha mwanga) 100 hadi 300. Toka nje mchana wa Muheza, hata kukiwa na mawingu, unapata zaidi ya laksi 10,000, na juani hufika karibu 100,000. Kijana anayelala chumba chenye pazia mpaka saa nane mchana, kisha akakaa sebuleni, saa yake haijapata habari ya alfajiri hata siku moja tangu aanze kulala hivyo. Ugonjwa ulianza kuisukuma, giza la chumbani likamalizia.

Hapa ndipo kemia ya ubongo inapoingia, na naomba unifuate taratibu, maana uliuliza "ni ugonjwa au ni dawa" na jibu limo humu.

Ile habari ya mwanga inayotoka jichoni kwenda kwenye saa kuu husafirishwa hasa na kemikali iitwayo glutamati, na mojawapo ya milango inayoipokea ni vipokezi vinavyoitwa NMDA. Sasa, mojawapo ya nadharia kubwa kuhusu skizofrenia inasema kwamba vipokezi hivyohivyo vya NMDA havifanyi kazi ipasavyo. Seli za ile saa kuu zenyewe huzungumza kwa kemikali nyingine, GABA, ambayo kazi yake ni kutuliza, na GABA nayo imeonekana kuwa na kasoro katika ugonjwa huu. Dopamini, ambayo kila mtu ameisikia, ndiyo inayotajwa zaidi: picha za ubongo zimeonyesha kwamba katika kipindi kikali cha skizofrenia dopamini hutengenezwa na kumwagwa kwa wingi katika sehemu ya ndani ya ubongo iitwayo striatamu. Lakini dopamini ni pia kemikali ya kukesha. Ndani ya jicho lenyewe hupanda mchana na kushuka usiku, huku melatonini ikifanya kinyume chake, moja ikiizuia nyingine. Kwa hiyo hatuna ugonjwa wa akili upande huu na tatizo la usingizi upande ule. Ni nyaya zilezile.

Kuna aina moja ya panya wa maabara iliyonifungua macho juu ya hili. Wana kasoro katika jeni ya protini iitwayo SNAP-25, protini ambayo imehusishwa na skizofrenia kwa binadamu. Ili uielewe kazi yake, fikiria jahazi lenye shehena linalotaka kufunga gatini lipakue. Kila seli ya neva ina vijahazi vidogo vilivyojaa kemikali, na SNAP-25 ni sehemu ya kamba zinazovivuta na kuvifunga gatini, kemikali imwagike kwa seli jirani. Kamba ikiwa na hitilafu, shehena haishuki kwa wakati. Peter Oliver, Russell Foster na wenzao wa Oxford walipowachunguza panya hao, walikuta mapumziko na shughuli zao vimevurugika na kukatikakatika, mfano wa wagonjwa wetu. Nao walikuwa panya tu, ndani ya vizimba vyao, wasio na mtu wa kuwaita wavivu. Walipochungulia ile saa kuu walikuta mwanga unaifikia na jeni zake zinazunguka sawasawa. Kilichoharibika ni ujumbe unaotoka pale kwenda mwilini. Mwadhini yuko mnarani, wakati anaujua, ila kipaza sauti kinakatakata.

Mambo hayaishii kwenye saa tu. Mtu akiwa usingizini ubongo wake hutoa mitikisiko mifupi ya umeme, kila mmoja wa sekunde moja hivi, inayozaliwa katika kiungo cha katikati ya ubongo kiitwacho thalamasi. Mitikisiko hiyo huambatana na kuhifadhi mambo uliyojifunza mchana. Mwaka 2007 Fabio Ferrarelli na wenzake wa Wisconsin, Marekani, walionyesha kwamba wagonjwa wa skizofrenia wana mitikisiko hiyo kidogo sana, si kwa kulinganishwa na watu wenye afya tu bali hata na wagonjwa wa sonona. Umewahi kuona mdogo wako akielekezwa jambo leo na kesho hana habari nalo? Mkadhani anadharau? Sehemu ya jibu iko hapo.

Na njia hii inapitika pande zote mbili. Ugonjwa huvuruga usingizi, na usingizi uliovurugika huchochea ugonjwa. Nora Volkow na wenzake, Marekani, waliwakesha watu wenye afya usiku mmoja tu, wakakuta vipokezi vya dopamini vimebadilika katika striatamu, ile sehemu ya ndani ya ubongo niliyoitaja. Daniel Freeman wa Oxford alikwenda mbali zaidi. Mwaka 2017 alichapisha utafiti wa wanafunzi 3,755 wa vyuo vikuu 26 vya Uingereza waliokuwa na shida ya kukosa usingizi. Waliopewa mafunzo ya kurekebisha usingizi, bila kidonge chochote, walipata nafuu ya usingizi, na pamoja nayo ule woga wa kudhani watu wanakuwinda ukapungua, na kuona au kusikia visivyokuwepo kukapungua. Hao hawakuwa wagonjwa wa skizofrenia, lakini jambo hilo lilinibadilisha namna ninavyofanya kazi. Miaka mingi tuliuchukulia usingizi kama dalili ya kuandika kwenye faili kisha tukaendelea na mengine. Mimi sasa nauuliza kwanza, kabla ya sauti.

Nije kwenye dawa, na kwa shangazi. Shangazi yuko nusu sahihi, na nusu ile nyingine inaweza kumrudisha kijana wodini, kwa hiyo tuipambanue.

Haloperidoli inazuia dopamini kwa nguvu na ndiyo iliyozizima zile sauti. Msiiache. Lakini si dawa inayosinziza sana, na kwa wengine huleta hali ya mwili kukosa utulivu: miguu inataka kutembea, mtu hawezi kukaa, ndani anahisi kama anasukumwa. Uliniambia anatembea uani saa nane za usiku. Muulize taratibu, si kwa kumsuta: "Unatembea kwa sababu huna usingizi, au miguu inakulazimisha?" Jibu la swali hilo moja linaweza kubadilisha matibabu yake, maana hali hiyo ina tiba na daktari wake anahitaji kuijua. Tena, miaka ya 1990 Anna Wirz-Justice na wenzake wa Basel, Uswisi, waliwafuatilia wagonjwa wachache kwa kifaa kilekile cha mkononi, wakaona mpangilio wa usiku na mchana ukiwa umevurugika zaidi kwa haloperidoli na umenyooka kwa klozapini, dawa nyingine ya ugonjwa huu. Simaanishi abadilishiwe dawa kesho. Klozapini ina masharti yake mazito, ikiwemo kupimwa damu mara kwa mara. Nataka tu ujue kwamba swali la "dawa hii inaifanyaje saa ya mwili wake" ni swali halali kumuuliza daktari, na usione haya kuliuliza.

Halafu kuna Artane. Hii wengi hawaijui. Inatolewa kuzuia madhara ya haloperidoli kama kukakamaa na kutetemeka, na inafanya kazi hiyo vizuri. Lakini ina tabia ya kuchangamsha. Ikinywewa usiku inaweza kumkesha mtu. Mara ngapi nimepokea mgonjwa "asiyelala" ambaye kidonge cha Artane anakimeza pamoja na dawa za saa tatu usiku, kwa sababu mtu aliyegawa dawa aliandika "1x2" na familia ikafuata kwa uaminifu. Angalieni kidonge cha pili anakimeza saa ngapi. Msikisogeze wenyewe, nendeni mkaulize kama kinaweza kumezwa mapema zaidi, au kama bado anakihitaji.

Unaweza kuuliza, mbona dawa nyingine za ugonjwa huu zinalaza sana? Klopromazini, olanzapini, hizo huziba pia vipokezi vya histamini, kemikali nyingine ya kukesha, ndiyo maana mtu hulala fofofo. Tangu klopromazini ianze kutumika Paris mwaka 1952 watu wamezoea kuona mgonjwa kalala wakasema dawa imemkubali. Lakini kusinzia kwa dawa na saa ya mwili kukaa mahali pake ni mambo mawili tofauti. Umelishuhudia mwenyewe kwa diazepamu: analala kidogo, ila saa zake ziko palepale. Diazepamu inaongeza nguvu ya GABA, inamzimisha mtu kwa muda. Haiisogezi saa.

Kwa hiyo, kuhusu diazepamu: usimwongezee, na usipange kuendelea nayo kwa kununua dukani. Ubongo huizoea upesi. Baada ya wiki chache kidonge kimoja hakitoshi, na mtu aliyeizoea akikatishwa ghafla anaweza kupata wasiwasi mkali, hata degedege. Ikichanganywa na pombe hupunguza pumzi, na wako waliokufa hivyo. Wiki mbili bado ni mapema. Wahi kliniki wiki hii, mwambie daktari ukweli wote, kipimo na siku, akuelekeze namna ya kuiondoa. Hutagombezwa, na ukigombezwa, vumilia, mweleze hivyohivyo. Ulinunua kwa mapenzi, naelewa.

Chai nayo isidharauliwe. Uchovu wa usiku hujengwa na kemikali iitwayo adenosini, inayojikusanya kadiri tunavyokaa macho. Kafeini huziba milango ya adenosini, na nusu yake hubaki mwilini saa tano baada ya kunywa. Chai nzito ya saa tisa usiku inamfikia saa mbili asubuhi ikiwa bado na nguvu. Mwekeeni majani ya mchaichai au tangawizi iliyochemshwa, anywe kikombe kilekile, kwenye kiti kilekile. Kinachomtuliza mara nyingi ni kile kikombe chenyewe na jiko lenye moto wakati nyumba nzima imelala. Na kama anatafuna mirungi, hata mara moja moja, hilo lazima lisemwe kliniki bila kuficha. Mirungi humwaga dopamini na hukesha mtu. Kwa mwenye skizofrenia ni kumwagia petroli motoni. Bangi hali kadhalika.

Sasa tufanye nini? Nunua daftari la hesabu, lile lenye viboksi. Kila mstari ni siku moja, kila kiboksi ni saa moja, hesabu viboksi 24, anza na saa moja asubuhi. Kila saa aliyolala, kiboksi kipakwe kwa penseli. Ikiwezekana apake mwenyewe, awe mshirika na si mshitakiwa. Nina mgonjwa mmoja, maelezo yake nimeyabadilisha asitambulike, ambaye mama yake aliniletea daftari la hivyo baada ya wiki tano. Nilipolifungua sikusema kitu kwa muda. Yale madoa meusi yalikuwa yakishuka kwenye ukurasa kama ngazi, kila siku yamesogea kulia kidogo, mpaka usiku ukawa mchana kisha ukarudi kuwa usiku. Familia ilikuwa inasema "wiki hii amepona, wiki ijayo amezidiwa." Hakuwa anapona wala kuzidiwa. Saa yake ilikuwa inazunguka peke yake, na kila baada ya wiki kadhaa ilikutana na yetu kwa siku chache, nyumba ikashangilia. Daftari la kijana wako likionyesha ngazi, ni habari moja; likionyesha ukuta ulionyooka, kwamba kila siku analala saa kumi na moja alfajiri mpaka saa nane mchana, ni habari nyingine na ni nyepesi zaidi kutibu.

Tuseme ni ukuta. Hapo kuna kosa ambalo kila familia yenye nia njema hulifanya: kesho yake wanamburuta nje saa kumi na mbili na nusu asubuhi apate mwanga. Usifanye hivyo. Kwa mwili wake saa hizo ni usiku wa manane. Mwanga mkali ukimpata kabla ya katikati ya usiku wa mwili wake, saa huusoma kama mwanga wa jioni na kuchelewa zaidi. Anza pale alipo. Akiamka mwenyewe saa nane mchana, atoke nje papo hapo, nusu saa mpaka saa nzima. Nyumba za Muheza hazikosi mchungwa. Akae chini yake. Kivuli kinatosha, mwanga wa kivulini bado ni mara nyingi zaidi ya wa sebuleni. Na kivuli ni lazima, kwa sababu Artane hupunguza jasho na mwili wake haupoi vizuri kwenye joto. Awe na maji ya kunywa karibu. Baada ya siku mbili tatu mwamsheni nusu saa mapema, saa saba na nusu, na mwanga uhame naye. Siku mbili tatu tena, saa saba. Kutoka saa nane mchana mpaka saa moja asubuhi ni hatua 14, kwa hiyo ni wiki nne mpaka sita kama hakuna kurudi nyuma, na kurudi nyuma kutakuwepo. Akipoteza siku mbili, anzieni alipoangukia, si mwanzo.

Mlo wa kwanza uende na kuamka, maana ini na matumbo vina saa zake ndogo zinazofuata chakula. Usiku mwanga upungue kuanzia saa mbili: taa moja hafifu, simu mbali, redio sauti ya chini. Akiwa macho saa nane za usiku asiwashe taa kubwa ya uani.

Baba umpe kazi yake humu. Badala ya kumwita shambani alfajiri, aje akae naye chini ya mchungwa saa ile anayoamka, wamenye machungwa au wachambue mbegu. Jamaa zangu wengi wa makamo ya baba hawawezi kumwambia mtoto wa kiume "nakupenda," lakini wanaweza kukaa naye wakafanya kazi ya mikono nusu saa. Hatua zikifika asubuhi, shamba litakuwa palepale.

Kama nyumba yenu inafunga Ramadhani, au mna desturi ya mikesha ya maombi, zungumzeni na daktari mapema, si siku yenyewe. Daku na kuchelewa kulala huhamisha saa za dawa, za chakula na za usingizi kwa pamoja. Kumwombea mgonjwa ni jambo jema, na anaweza kuombewa mchana.

Yapo mambo yasiyosubiri daftari. Ikiwa atapitisha siku mbili tatu bila kulala kabisa na hachoki, au sauti zinarudi, au zinamwamuru ajidhuru au amdhuru mtu, au anasema hataki kuishi, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, iwe usiku iwe mchana. Mara nyingi usingizi ndio unaotangulia kuharibika kabla ugonjwa haujamrudia mtu, na wewe unayelala chumba cha pili utaliona jambo hilo kabla ya daktari yeyote. Na kama anakoroma sana na pumzi inakatikakatika usingizini, liseme pia. Hilo lina matibabu yake tofauti.

Siku ya kliniki weka dawa zote kwenye mfuko mmoja, zikiwemo zile za dukani, na daftari juu yake hata kama lina siku nne tu. Uliza kwanza kuhusu saa ya Artane, kisha miguu, kisha namna ya kuiondoa diazepamu. Na mdogo wako awepo chumbani mnapoyazungumza.